Saratani ya matiti: Kwa nini kidonge kimoja humezwa kwa miaka mitano

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MWANAMKE aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, akamaliza dripu za dawa na pengine mionzi, hurudi nyumbani akiwa na jambo moja ambalo majirani hawalielewi: kidonge kidogo anachotakiwa kukimeza kila siku kwa miaka mitano, na wakati mwingine hata kumi.

Kidonda kimepona, uvimbe haupo na maumivu hayasikii. Katika mazingira yetu, ambako dawa huhesabiwa kuwa kitu cha mtu anayeumwa, si ajabu mtu huyo akaulizwa na wifi au mama mkwe kwamba anajitibu nini. Ukipita mwaka mmoja, hata yeye mwenyewe huanza kujiuliza swali hilo hilo.

Hapo ndipo wengi huacha. Tafiti za nchi mbalimbali, zikiwamo nchi tajiri ambako dawa hupatikana bila shida, zimeonyesha kuwa sehemu kubwa ya wanawake walioandikiwa vidonge hivi hawafikishi miaka mitano. Kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa, ambaye kila anapokwisha dozi hulazimika kufunga safari kwenda hospitali, sababu za kuacha ni nyingi zaidi.

Kidonge hicho kwa kawaida ni tamoksifeni. Ili kuelewa kwa nini kinadai uvumilivu wa miaka, ni lazima kwanza kuelewa kinachokabiliana nacho, yaani homoni ya estrojeni.

Estrojeni huzalishwa kwa wingi katika ovari za mwanamke tangu anapovunja ungo. Ndiyo inayokuza matiti, kuandaa mji wa mimba kila mwezi na kuifanya mifupa iwe imara. Husafiri katika damu na kufika kila pembe ya mwili, lakini si kila seli inayoitii. Zinazoitii ni zile zenye vipokezi vyake, yaani protini maalumu zilizo ndani ya kiini cha seli ambazo umbo lake linalingana na umbo la homoni hiyo.

Estrojeni ikishakipata kipokezi, viwili hivyo kwa pamoja hujishikiza kwenye vinasaba vya seli na kutoa amri ya seli kukua na kugawanyika. Katika titi lenye afya amri hiyo hutolewa kwa kiasi. Katika seli ya saratani iliyosheheni vipokezi, mambo ni tofauti. Kila tone la estrojeni linalopita ni chakula, na uvimbe hukua kwa kadiri unavyolishwa.

Tamoksifeni haiondoi estrojeni katika damu. Jambo hili hukosewa mara nyingi, hata na baadhi ya watu wanaouza dawa. Homoni huendelea kuwapo kama kawaida, ila dawa huiwahi kwenye kipokezi na kukikalia.

Chukulia mtu aliyekalia kiti cha dereva katika daladala ya Igoma bila kuwa na ufunguo. Dereva mwenyewe akija hukuta kiti kimekaliwa. Abiria wapo, mafuta yapo, lakini gari halitoki. Tamoksifeni ikishaingia katika kipokezi hukipinda umbo kwa namna ambayo protini saidizi zinazohitajika ili amri ya kukua itolewe haziwezi kujishikiza. Seli ya saratani hubaki bila amri. Nyingine husinyaa na kufa, nyingine hulala tu.

Hizo zinazolala ndizo chanzo cha miaka mitano. Upasuaji huondoa uvimbe unaoonekana, lakini seli chache huenda zilikwishatoroka zamani na kujificha katika mifupa, ini au mapafu, zikiwa ndogo mno kuonekana kwa picha yoyote. Saratani yenye vipokezi vya estrojeni ina tabia ya kurudi taratibu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa hatari ya kurudi kwake huendelea hadi miaka 20 baada ya kugunduliwa. Mtu akiinuka kwenye kile kiti katika mwaka wa pili, dereva bado yupo pale kituoni.

Kutoka kwa ng'ombe wa maziwa hadi maabara

Wazo la kuitibu saratani ya matiti kwa kuinyima homoni lina umri wa zaidi ya miaka 120, na lilianzia mahali ambapo mfugaji yeyote wa Usukumani angeweza kulifuatilia bila taabu.

Daktari wa Uskoti, George Beatson, alivutiwa tangu ujana wake na suala la utoaji wa maziwa kwa wanyama. Alipata kujua kwamba wafugaji wa nchi fulani waliwaondoa ng'ombe wao ovari ili waendelee kutoa maziwa kwa muda mrefu. Akajiuliza: kama ovari, zilizo mbali kabisa na chuchu, zinatawala kinachotokea katika titi, je, haziwezi kuwa zinatawala pia uvimbe ulio ndani ya titi?

Mwaka 1895 alimfanyia mwanamke wa miaka 33, ambaye saratani yake ilikuwa imeshindikana, upasuaji wa kuondoa ovari. Uvimbe ulisinyaa. Beatson alichapisha taarifa hiyo mwaka 1896, wakati ambapo hakuna aliyejua estrojeni ni kitu gani. Homoni hiyo ilikuja kutambuliwa katika miaka ya 1920.

Kipande kilichofuata kilipatikana Chicago, ambako mwanakemia Elwood Jensen alionyesha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba estrojeni hufanya kazi kwa kushikwa na kipokezi na kwamba si kila saratani ya titi ina kipokezi hicho. Kabla ya hapo wanawake waliondolewa ovari kwa kubahatisha, wachache wakipata nafuu na wengi wakiumizwa bure.

Tamoksifeni yenyewe ilitokana na jambo jingine kabisa. Mwaka 1962, katika maabara za kampuni ya ICI nchini Uingereza, mwanakemia Dora Richardson alitengeneza kemikali iliyopewa namba 46,474. Kikosi alichokuwamo, chini ya Arthur Walpole, kilikuwa kinatafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilifanya kazi vizuri. Kwa wanawake ilifanya kinyume: ilichochea mayai kupevuka.

Dawa ya uzazi wa mpango inayosaidia kushika mimba haina soko, na ingeweza kuishia kabatini. Lakini Dk. Mary Cole na wenzake wa hospitali ya Christie mjini Manchester waliijaribu kwa wanawake 46 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, na katika taarifa yao ya mwaka 1971 wakaeleza kuwa 10 kati yao walipata nafuu. Uingereza iliiruhusu mwaka 1973, Marekani Desemba 1977. Mwanasayansi V. Craig Jordan, aliyefariki dunia Juni 2024, ndiye aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba dawa hiyo ingeweza pia kuzuia saratani isirudi iwapo ingetumiwa kwa muda mrefu.

Leo haki za ugunduzi wake zimekwisha siku nyingi, viwanda vingi huitengeneza, na ni miongoni mwa dawa za saratani zenye bei nafuu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na katika orodha ya taifa ya Tanzania.

Uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba kwa wanawake ambao saratani yao ina vipokezi vya estrojeni, kumeza tamoksifeni kwa takriban miaka mitano hupunguza vifo vitokanavyo na saratani ya titi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Kwa wale wasio na vipokezi, haikuwa na faida yoyote.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba uzito wote wa suala hili kwa Mwanza.

Chupa ya fomalini

Daktari hawezi kujua kwa kutazama au kwa kugusa titi kama saratani ina vipokezi. Ni lazima kuchukua kinyama kwa sindano nene au kwa upasuaji na kukipeleka maabara ya patholojia. Huko hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno na kupakwa kingamwili zenye rangi. Seli zenye vipokezi huonekana za kahawia chini ya darubini. Kwa mwongozo wa kimataifa, ikifika asilimia moja tu ya seli za saratani, jibu huandikwa kuwa ni chanya, ingawa walio chini ya asilimia 10 huhesabiwa kuwa na vipokezi hafifu.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachotazama Nyamagana yote, ndiyo inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake. Mwaka 2014, Dk. Peter Rambau na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika hapo kwa wagonjwa 52 wa saratani ya matiti. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na aina ambayo wataalamu huiita hasi tatu, yaani haina vipokezi vya estrojeni, haina vya projesteroni na haina protini ya HER2 kwa wingi.

Kwa mwanamke mwenye saratani ya namna hiyo, tamoksifeni ni kama mtu wa kukalia kiti katika gari lisilo na kiti. Anahitaji tiba nyingine, hasa dawa za dripu, na kila mwezi anaopoteza kwa kidonge kisichomhusu ni mwezi wa saratani kuendelea.

Hata hivyo upo upande wa pili, ambao haujadiliwi sana. Utafiti kuhusu sampuli za wagonjwa wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta vipokezi vya estrojeni katika theluthi moja tu. Takwimu za aina hiyo zilizaa imani kwamba saratani za wanawake wa Kiafrika kwa sehemu kubwa hazina vipokezi, hivyo dawa ya homoni haiwafai.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 2014 na mapitio makubwa ya tafiti za Afrika nzima. Yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wana vipokezi, na kwamba tafiti zilizotumia sampuli za zamani zilizotolewa makabatini zilipata kiwango cha chini kwa takriban asilimia 10 kuliko zile zilizotumia sampuli zilizoandaliwa upya kwa uangalifu. Maana yake ni kwamba baadhi ya vipokezi vilikuwapo katika mwili wa mgonjwa lakini viliharibika njiani.

Kipokezi ni protini, na protini huoza. Kinyama kinatakiwa kutumbukizwa katika fomalini iliyochanganywa kwa kipimo sahihi ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini, kikae humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72, na fomalini iwe nyingi, takriban mara kumi ya ukubwa wa kinyama chenyewe. Titi zima lililokatwa ni lazima lichanwe kwanza, vinginevyo fomalini hushika juu na katikati kukaoza.

Mtu yeyote anayeifahamu Kanda ya Ziwa anaweza kuona ugumu ulipo. Upasuaji umefanyika Ijumaa jioni katika hospitali ya wilaya, chupa iliyopo ni ndogo, maabara yenye mtaalamu wa patholojia iko ng'ambo ya maji, na kinyama kinasubiri hadi ndugu wa mgonjwa apate nauli ya kukipeleka. Kikifika baada ya siku tisa, darubini itasema hakuna vipokezi. Jibu litaandikwa hasi, na hakuna atakayejua kwamba mama huyo alistahili kupewa kidonge cha bei nafuu ambacho kingempunguzia hatari ya kufa.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, fedha zinazotumika kuchapisha mabango ya Oktoba, mwezi wa uhamasishaji wa saratani ya matiti, zingefanya kazi kubwa zaidi kama sehemu yake ingenunua fomalini na kulipia usafiri wa sampuli.

Kwa sababu ya mashaka hayo, zamani, na mahali pengine hadi leo, madaktari waliokosa majibu ya kipimo waliwapa tamoksifeni wagonjwa wote. Uamuzi huo ulikuwa na hoja, kwani kumpa asiye na vipokezi ni hasara ndogo kuliko kumnyima aliye navyo. Ubaya hujitokeza pale kidonge kinapogeuka kuwa kisingizio cha kutompa mgonjwa tiba nyingine anayoihitaji. WHO, katika mpango wake uliozinduliwa mwaka 2021, inataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituo cha afya kwa mara ya kwanza.

Kazi ya ini, na dawa zinazogombana

Tamoksifeni inayomezwa si ile hasa inayokalia kiti. Ini huigeuza kwanza kuwa kemikali nyingine, maarufu zaidi ikiwa ni endoksifeni, ambayo hukishika kipokezi kwa nguvu mara nyingi zaidi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho CYP2D6.

Watu hawana kimeng'enya hicho kwa kiwango sawa, na hapa Watanzania wana historia yao. Katika tafiti zilizochapishwa mwaka 1999 na 2001, watafiti wa Sweden wakishirikiana na Watanzania walibaini kuwa Watanzania wengi wana aina za kinasaba cha CYP2D6 zinazofanya kazi polepole, mojawapo ikiwa ile iliyopewa namba 29. Kama jambo hilo linapunguza faida ya tamoksifeni kwa mgonjwa, wanasayansi bado wanabishana, na miongozo mikubwa haimtaki daktari apime vinasaba kabla ya kuandika dawa.

Lililo wazi zaidi ni kugombana kwa dawa. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huliharakisha ini kiasi kwamba tamoksifeni katika damu hushuka kwa kiwango kikubwa sana. Mgonjwa anayeanza dawa za kifua kikuu akiwa bado anameza tamoksifeni anapaswa kuwaambia madaktari wa pande zote mbili, kwa kuwa mara nyingi kliniki hizo hazizungumzi. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, hukizuia kile kimeng'enya cha ini.

Dozi ya kawaida ni miligramu 20 kwa siku. Dawa hukaa mwilini kwa siku kadhaa, hivyo aliyesahau kidonge kimoja hana haja ya kutaharuki wala kumeza viwili kesho yake. Kinachoharibu ni wiki na miezi ya kukosa.

Waliokoma hedhi

Mwanamke akikoma hedhi, ovari huacha kuzalisha estrojeni, lakini homoni hiyo haiishi mwilini. Tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni za kundi la kiume, nazo hugeuzwa kuwa estrojeni ndani ya mafuta na misuli kwa msaada wa kimeng'enya cha aromatasi. Ndiyo maana unene baada ya kukoma hedhi huongeza hatari ya saratani ya matiti.

Kwa wanawake hao kuna kundi jingine la dawa: anastrozoli, letrozoli na eksemestani. Hizi hazikalii kiti. Zinakifunga kiwanda chenyewe cha aromatasi, na estrojeni hushuka hadi karibu na sifuri. Kwa waliokoma hedhi huzuia saratani isirudi kuliko tamoksifeni kwa kiasi fulani, ingawa hudhoofisha mifupa na kuleta maumivu ya viungo.

Mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi hapaswi kupewa dawa hizo peke yake. Ubongo ukiona estrojeni imepungua, huziamuru ovari kuongeza bidii, na dawa huzidiwa. Ni lazima kwanza ovari zizimwe, ama kwa sindano ya goserelini ama kwa kuondolewa kama alivyofanya Beatson. Tafiti za Afrika Mashariki zimeonyesha mara kwa mara kuwa wagonjwa wetu wengi ni wa umri wa miaka 50 au chini yake, na hiyo ni sababu kubwa ya tamoksifeni kubaki dawa kuu huku.

Ipo pia sindano ya fulvestranti, ambayo huviharibu vipokezi vyenyewe, na vidonge vipya vya kazi hiyo hiyo vimeanza kutumika katika nchi tajiri. Bei yake bado ni ya huko huko.

Wanaume nao hupata saratani ya titi, takriban mmoja katika kila wagonjwa 100, na wengi wao wana vipokezi vya estrojeni. Hupewa tamoksifeni. Mzee anayefichwa uvimbe wa kifuani kwa kuona aibu kwamba ni ugonjwa wa kike anakosa dawa ambayo ingemfaa sana.

Madhara yasiyosemwa kliniki

Tamoksifeni ina sura mbili. Katika titi huizuia estrojeni, lakini katika mji wa mimba hujifanya kama estrojeni yenyewe. Katika jaribio kubwa liitwalo ATLAS, lililochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha karibu wanawake 13,000 wa nchi 36, waliomeza kwa miaka 10 walikuwa na hatari ya asilimia 3.1 ya kupata saratani ya ukuta wa mji wa mimba katika kipindi cha miaka ya 5 hadi 14, ikilinganishwa na asilimia 1.6 kwa walioacha katika mwaka wa tano. Katika kipindi hicho hicho, saratani ya titi ilirudi kwa asilimia 21.4 ya walioendelea na asilimia 25.1 ya walioacha, na vifo vilikuwa asilimia 12.2 dhidi ya 15.

Kwa hiyo aliyekoma hedhi akiona damu ukeni asingoje, aende hospitali. Vivyo hivyo kwa mguu mmoja unaovimba na kuuma au kubanwa pumzi ghafla, dalili zinazoweza kuwa za damu kuganda katika mishipa.

Yanayosumbua wengi ni madogo zaidi: joto la ghafla linalopanda kifuani na usoni, jasho la usiku, hedhi kuvurugika, ukavu ukeni na hamu ya tendo la ndoa kupungua. Hayo mawili ya mwisho huvunja ndoa na kuwafanya wanawake waache dawa kimya kimya, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema, wala mume hakuelezwa.

Jambo la hatari zaidi kwa wenye umri wa kuzaa ni mimba. Hedhi ikipotea, wengi huamini hawawezi kushika mimba. Wanaweza, kwani hii ni dawa ile ile iliyoshindwa kuzuia mimba huko Uingereza, na mtoto aliye tumboni inaweza kumdhuru. Wakati huo huo sindano za uzazi wa mpango, vipandikizi na vidonge vya majira vina homoni na havimfai mwenye historia ya saratani ya titi. Kinachobaki ni kondomu, kitanzi cha shaba au kufunga kizazi. Mhudumu wa kliniki ya uzazi wa mpango hawezi kulijua hilo iwapo mama hakumwambia kwamba anameza tamoksifeni.

Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Tanzania, ikitanguliwa na ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika hospitali ikiwa imekwishasambaa. Hata kwao vidonge hivi vina kazi: haviponyi, lakini vinaweza kuutuliza ugonjwa kwa miezi au miaka bila kulazwa na bila nywele kunyonyoka.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa huku aliyehitaji mionzi alisafiri zaidi ya kilometa 1,000 hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Siku hizi huduma hiyo ipo Bugando, na tangu Juni 2025 anayetoka Sengerema au Geita huvuka kwa daraja la Kigongo-Busisi badala ya kusubiri kivuko. Wa Ukerewe bado anaitegemea meli. Katika tiba zote za saratani, ya vidonge ndiyo pekee isiyohitaji mashine wala kitanda, na inaweza kuvuka ziwa ndani ya mkoba pamoja na akiba ya miezi kadhaa, iwapo kliniki itakubali kuitoa kwa mkupuo.

Anayeandikiwa kidonge hicho ana haki ya kuuliza maswali mawili: je, kinyama changu kilipimwa vipokezi, na jibu limeandikwa wapi? Kama hakikupimwa, au kama jibu lina shaka, muda haujapotea wote. Kipande cha kinyama kilichogandishwa katika nta hutunzwa maabara kwa miaka, na kama kiliwahi fomalini kwa wakati, kinaweza kutolewa kabatini, kukatwa upya na kupimwa bila mgonjwa kuguswa tena kwa kisu.